Ombi la Kupunguziwa Wema Siku za Alhamisi

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Huduma kwa Jamii,
Ukumbini, mlango wa pili kutoka kwangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ukivua tai ni shemeji yangu,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, ukiacha yale yanayonipata kila Alhamisi, na hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Ningeweza kukueleza kwa mdomo unapopita Jumapili kunisalimia, lakini nimefundisha darasa la nne karibu maisha yangu yote, na nimejifunza kwamba neno lisiloandikwa huingia sikio hili likatokea lile, hasa kwa ndugu wa kiume wa ukoo wenu.

Niseme mapema kwamba klabu yenu siichukii. Marehemu kaka yako alikuwa mmoja wa walioianzisha, na hiyo kengele mnayogonga kufungulia mkutano ni yangu. Nilipewa shuleni siku ya kustaafu, yeye akaiazima kwa Alhamisi moja. Kanuni yenu kubwa nayo ni ya kwake: kila mwanachama asimame mkutanoni ataje jema moja alilomtendea mtu wiki hiyo, na asiye nalo akae kwenye benchi la mlangoni na chai asinywe. Ni kanuni nzuri. Mimi mwenyewe niliisahihisha tahajia.

Tatizo ni kwamba wanachama wenu ni watu wa shughuli nyingi. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano kila mmoja anahangaikia riziki yake. Alhamisi saa tisa ndipo wanapokumbuka kwamba saa kumi kuna mkutano na wema bado hawajatenda. Basi wanatoka mbio kutafuta mtu wa kumsaidia, na nyumba iliyo karibu zaidi na ukumbi ni yangu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuvushwa barabara. Alhamisi moja nilikuwa nimesimama getini kwangu, mwiko mkononi, natazama njia kama atazamavyo mtu yeyote mwenye geti. Mwalimu wa udereva akanishika mkono akanivusha mpaka ng'ambo. Ng'ambo sikuwa na shughuli. Kabla sijamwambia, alitazama saa, akanitakia maisha marefu, akakimbilia ukumbini. Nikabaki pale na ndara zangu mpaka alipotokea mtengeneza miwani, akanivusha kunirudisha. Jioni hiyo wote wawili walipigiwa makofi, wala hakuna aliyeuliza mama huyo alikuwa anakwenda wapi.

2. Kupimwa shinikizo la damu. Mfamasia alinipima akasema niko sawa. Daktari wa meno akanipima, akasema si vibaya. Wa tatu alikuwa muuza viatu, ambaye mashine alikuwa ameinunua asubuhi ile na maelezo anayasoma huku mkono wangu unabanwa. Akakuta imepanda, akanishauri niache hasira. Shemeji, hasira zilikuja na hiyo mashine.

3. Mtungi wa gesi. Karani wa benki aliingia jikoni na hodi akiwa ameshafika, akauona mtungi, akauchomoa, akaubeba begani kwenda kuujazisha. Ulikuwa umejaa. Dukani walimwambia hivyo, akaurudisha akihema, maharage yangu yakiwa yamelala nusu mbichi. Mkutanoni alieleza kwamba amembebea mama mmoja mtungi mzito kwenda na kurudi. Hakusema uongo. Mgongo wake nausikitikia mpaka leo.

4. Maua ya barazani. Mshonaji aliyamwagilia. Wakala wa bima akayamwagilia. Wakili akakuta udongo umekuwa tope, akatafakari kidogo, halafu akayamwagilia na yeye, maana sheria haikumkataza. Sasa yamekuwa manjano. Wiki iliyofuata daktari wa mifugo aliyachunguza na kusema yana kiu.

5. Hili linaniuma kuliko mengine. Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na dirisha la ukumbi wenu, na kila kinachosemwa nakisikia hata nikifungulia redio. Katika ripoti zenu nazeeka kwa kasi. Mara ya kwanza nilikuwa "jirani yetu." Kisha nikawa "mama mmoja mtu mzima." Mwezi uliopita nilikuwa "bibi kizee asiyejiweza." Alhamisi iliyopita wakala wa bima alisimama akasema, kwa sauti ya kulia, "Ndugu zangu, leo nimemkuta ajuza mmoja aliyetelekezwa na jamaa zake." Shemeji, jamaa zenyewe ni wewe. Nawe ndiye uliyeanza kupiga makofi.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Ninyi mnatenda wema, kisha mnakwenda mlango wa pili kutangaza.

6. Nilipoona yamezidi, nilifunga geti kwa kufuli. Fundi kufuli wenu alilikuta limefungwa, akahisi nina shida, akalifungua bila malipo. Tangu siku hiyo halifungi. Alishangiliwa kuliko wote.

Nitaongeza neno ambalo sikuliwekea namba. Zamani Alhamisi ilikuwa siku yangu. Kaka yako akija mkutanoni, mimi nalala kidogo mchana, kisha nakaa jikoni peke yangu nakunywa chai ikiwa bado ya moto, jambo ambalo mke wa mtu mwenye maneno mengi halipati mara nyingi. Naitaka siku hiyo irudi. Mtacheka kwamba kuna mtu anayelalamika kwa kusaidiwa, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa, kama mwalimu, naomba tufikirie pamoja. Klabu inahudumia jamii. Wema wenu karibu wote unaishia kwangu. Kwa hiyo jamii ni mimi. Nikipata mafua, au nikienda kwa binti yangu wiki moja tu, jamii itakuwa haipo, wema utakosa pa kutendewa, na wanachama wote watastahili benchi la mlangoni, ambalo nalijua vizuri kwa sababu lilitoka barazani kwangu, na watu watatu wakikaa linaanza kulia. Maana yake ni kwamba nguzo ya klabu si Mwenyekiti wala Katibu. Ni mimi, na nguzo haimwagiliwi maji na watu watatu kwa siku moja.

Kwa sababu hizo naomba:

Kwanza, wema uje kwa zamu, mmoja mmoja, na ubishe hodi ukiwa bado nje.

Pili, anayetaka kunivusha aniulize kwanza kama nina safari.

Tatu, umri wangu uripotiwe kama ulivyo, au usiripotiwe kabisa.

Nne, nami niruhusiwe kulipiza. Nitakuja ukumbini Alhamisi moja katikati ya mkutano, nimvushe Katibu barabara, nimpime muuza viatu shinikizo, nikumwagilie wewe maji kidogo hapo kwenye kiti, kisha nikasimame mbele nikaripoti. Tuone mtakavyopiga makofi.

Tano, mkishindwa yote hayo, nirudishieni kengele yangu. Bila kengele mkutano haufunguliwi, bila mkutano hakuna ripoti, na bila ripoti naamini wema utapungua wenyewe.

Nisalimie mama watoto wako, mwambie kitenge chake kiko kwangu. Msalimie Katibu. Msalimie mwalimu wa udereva, na umwambie ng'ambo kunapendeza ila sikuomba kuhamia. Karani wa benki mpe pole ya mgongo. Wakili usimsalimie, nina mashaka atanijibu kwa barua.

Ni mimi niliyechoka kuhudumiwa,

Shemeji yako, mwalimu mstaafu,
Nyumba ya geti la kijani (lisilofungwa).

Baada ya kusaini: Barua hii niliimaliza Jumanne, nikaiweka juu ya kabati nisubiri mtu wa kuileta. Kosa langu ni kwamba nilimdokeza fundi saa wenu, na neno halilali kwake. Basi jana Alhamisi hakuja hata mmoja.

Nililala mchana kama nilivyotamani. Nikaamka. Nikapika chai, nikainywa ya moto, ikaisha upesi kuliko nilivyokumbuka. Nikatoka getini. Mtengeneza miwani alipita upande wa pili ameinamisha kichwa kwa adabu, kama mtoto aliyechapwa. Nikavuka barabara mwenyewe, nikarudi mwenyewe. Haikuwa na ladha.

Saa kumi kengele ikalia. Nikakaa dirishani. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema wiki hii hawana, nikasikia benchi likilia, wala vikombe havikugongana. Shemeji, nilijisikia vibaya. Ndipo nikamkumbuka kaka yako. Miaka mingi, Alhamisi mchana, alikuwa akitokea nyumbani ghafla kutoka kazini, ananioshea vyombo bila kuvua koti, sahani mbili tatu, kisha anatazama saa na kukimbilia kwenu. Mimi nilidhani ni mapenzi. Jana nimetambua kwamba alikuwa anakwepa benchi. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikalia, na nimeamua kwamba yalikuwa yote mawili.

Kwa hiyo yaliyo juu uyasome kama insha tu. Kengele ibaki huko, ila muigonge kwa nguvu kidogo. Alhamisi ijayo taa ya barazani haitawaka, na msiulize balbu imelegezwa na nani. Mtungi safari hii utakuwa mtupu kweli. Maua mapya nimepanda, yanaweza kuvumilia watu wawili. Geti fundi kufuli asiliguse, lilivyo ndivyo linavyofaa. Vyombo vya mchana sitaviosha. Mimi nitakuwa nimesimama kando ya barabara kuanzia saa tisa, na upande wowote mtakaonikuta, nivusheni.