Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe ametoa uamuzi. Karakana ya marehemu baba mkwe itakuwa na bosi mmoja tu: mimi au shemeji, mdogo wake mke wangu. Kila mmoja amtengenezee kiti cha mbao cha kukalia kila siku. Kisiwe na madoido, kisimuumize mgongo. Atakayemridhisha atapewa funguo, mwingine atafanya kazi chini yake. Shemeji chini yangu! Nimekula vizuri leo.

Jumanne, 5 Machi
Tatizo ni vipimo. Nikimuuliza, atajua kwamba sijui. Bahati nzuri baada ya chakula cha mchana alisinzia kwenye kochi. Nikanyemelea na futi, nikapima kutoka sakafuni hadi gotini, juu ya gauni lake refu. Mke wangu akanikuta nimepiga magoti mbele ya mama yake. Akauliza naomba msamaha wa nini. Nikamwambia wa jumla.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechungulia upande wa shemeji. Maskini. Kamkalisha mama juu ya rundo la mbao, anaongeza moja, anapunguza moja, mpaka mama aseme hapo hapo. Asubuhi nzima ya michezo ya watoto. Changu kimeshapigwa msasa. Egemeo limelala kidogo, ukingo wa mbele nimeuviringisha usimkate mapaja. Miguu imetoka mirefu kuliko nilivyotegemea, lakini vipimo ni vipimo.

Jumamosi, 9 Machi
Sina hamu ya kuandika. Mama mkwe alipanda kiti changu kwa kushikwa mkono. Miguu ikabaki inaning'inia. Akauliza, kwa upole, kama ameitwa kukaa au kuezeka paa. Kumbe ile Jumanne, chini ya gauni, miguu yake ilikuwa juu ya kigoda. Nilipima mtu pamoja na kigoda chake. Akaomba ateremshwe. Shemeji akamteremsha, akamkalisha kwenye chake. Nyayo zikatua sakafuni. Akaegemea, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akampa funguo. Imeniuma, sitaki kusema uongo.

Jumatatu, 11 Machi
Siku ya kwanza chini ya shemeji. Hajivuni hata kidogo, na hilo ndilo linaloudhi. Amenikabidhi kazi ya kiti cha mwalimu mkuu. Akanishauri niende nikamuulize mwenyewe anapenda kukaa vipi. Nikaitikia, ndiyo bosi.

Eti nimuulize. Kosa langu halikuwa kutouliza, lilikuwa gauni, na mwalimu mkuu havai gauni. Nimepita kwa dobi, nikaazima suruali ya mwalimu mkuu iliyoletwa kufuliwa, nikapima kutoka gotini hadi kwenye pindo. Ni fupi mno kwa mtu mrefu vile, lakini dobi ameapa ni ya mwalimu, na miguu ya kiti nimeshaikata.