Ombi la Mwamuzi Kuruhusiwa Kufumba Macho Mechi Ikiendelea

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Waamuzi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini, mahali pasipo vumbi, maana ndipo mahali pekee inapoweza kusomwa kwa haki.

Mimi ni yule mwamuzi wa kati ambaye mashabiki wamenibandika jina la Konyeza. Nalalamika juu ya jina hilo, juu ya uwanja wetu, na juu ya upepo, kama ifuatavyo.

1. Uwanja wetu hauna nyasi. Upande wa juu kuna tanuri la matofali, upande wa chini barabara ya malori, na upepo wa kiangazi unapita katikati kama mshambuliaji asiye na beki. Humo ndimo ninamokimbia, jua la saa tisa, nimekodoa macho kwa sababu kazi yangu ni kuona. Msimu huu macho yakaanza kuwaka kama yametiwa pilipili, kisha yakatiririka machozi. Daktari wa macho, mama mmoja mpole, alinimulika na kusema, "Baba, macho yako yamekauka." Nikamwambia, "Daktari, shati langu limelowa." Akasema macho yakikauka ndivyo yanavyolia, na kwamba wanaokimbia kwenye upepo na vumbi bila kupepesa hujikausha wenyewe. Akanipa dawa ya matone, akaniagiza nipepese kwa makusudi, kila mara. Wahenga walisema macho hayana pazia. Daktari anasema yanalo, ila mimi nimesahau kulishusha.

2. Nikatii. Ila jicho langu la kushoto ni zito: la kulia likishamaliza kupepesa, lenyewe ndiyo kwanza linaanza. Kwa aliye mbali, huko si kupepesa. Katika mechi ya wauza mbao na madereva, kipa wa wauza mbao aliniona kabla ya penalti, akadhani namwelekeza, akaruka kushoto na kuudaka mpira. Madereva walinifuata hadi chumba cha kubadilishia nguo wakitaka kujua mimi na yule kipa tuna undugu gani.

3. Wiki iliyofuata nilimwonyesha kadi nyekundu beki mmoja mwenye kifua kama kabati. Upepo ukavuma, machozi yakanimwagika, kadi ikiwa bado juu. Beki akanikumbatia. "Usilie, mzee," aliniambia, "najua si moyo wako, umetumwa." Akakataa kutoka mpaka ninyamaze. Wenzake wakaja nao kunibembeleza, mshika kibendera wangu akaleta maji ya kunawa uso. Kadi ile sijui iliishia mfukoni mwa nani.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani, alikuja kumtazama kitinda mimba wake, yaani shemeji yangu, akicheza winga. Akapewa kiti cha mbele kwa heshima zote. Nikakimbilia upande ule kuangalia mpira wa kurusha, vumbi likanipata. Mwenyekiti, nilimpepesea mama mkwe mbele ya mtaa mzima. Alijitanda mtandio hadi puani, akaondoka kabla ya mapumziko. Mke wangu alifungasha siku hiyo hiyo. Mlangoni aliniambia neno moja tu: "Mimi mwenyewe hujanikonyeza tangu unioe." Nikajaribu kumweleza, na jicho likarudia palepale, mbele yake, kwa jirani aliyekuwa anapita. Sasa yuko kwao. Nyumba imenipwaya, chai nainywa peke yangu nikiwa nimesimama. Shemeji naye, kila nikimpulizia faulo, ananijibu kwa adabu, "Ndiyo, baba."

Kwa hayo yote, naomba:

Kwanza, uwanja umwagiwe maji kabla ya mechi, na tanuri lipumzike siku tunapocheza.

Pili, niruhusiwe kusimama katikati na kufumba macho muda wowote, mechi ikiendelea. Atakayecheza rafu nikiwa nimefumba, aje aniambie nikifumbua. Hawa ni watoto waliolelewa, tuwaamini.

Tatu, upepo ukizidi uonyeshwe kadi ya njano. Ukirudia, utolewe. Ukigoma kutoka, itozwe faini klabu mwenyeji, maana umetokea kwake.

Nne, chama kimwandikie mama mkwe barua yenye mhuri, ieleze kwamba lile tukio lilikuwa la kikazi.

Mwamuzi asiyeona hastahili kushika filimbi. Huo ndio msingi wa hoja yangu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi naambiwa kila Jumamosi, na jukwaa zima.

Nisalimie katibu, mtunza vifaa, washika vibendera wote, na mkeo, ambaye naomba aelezwe mapema kabla hatujaonana.

Wako katika haki na vumbi,
Mwamuzi wa Kati

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nimechezesha mechi ya jana. Matone niliyasahau nyumbani, upepo ukachachamaa, na kipindi cha pili chote nimekimaliza nikiwa nimefumba macho kabisa, nikipuliza filimbi kwa kufuata kelele za watazamaji. Makocha wote wawili wamekuja kunishika mkono. Wanasema tangu wazaliwe hawajaona mechi iliyochezeshwa kwa haki namna ile, na wameomba nipewe fainali. Kwa hiyo uwanja msiuguse. Na kama mwenye tanuri anafikiria kujenga la pili, asizuiwe.