Setilaiti Niliyoiona Nikiwa Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa kundi letu la simuni la watazamaji wa setilaiti anaachia kiti. Anaoa, maskini. Ijumaa atarithiwa na atakayetuma taarifa safi kuliko wote. Nani kama mimi? Kikwazo ni jirani yangu Fundi Cherehani, mtu wa sheria: ona kwa macho yako, andika saa, upande, mwangaza, nyamaza. Hana hata "jamani"! Mimi nikiona kinuru kinapita, natuma sauti yenye salamu kwa wakwe. Nimeonywa kwamba hapa si harusini. Husuda hiyo.

Jumanne, 4 Machi
Mawingu tele. Lakini mjanja hakodoi macho, ratiba iko mtandaoni! Nimenakili: saa moja na robo, magharibi kwenda kaskazini. Nikaongeza kwamba iling'aa kama jino la dhahabu. Pongezi zikamiminika! Mke wangu akauliza nimeionaje na nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Nikamwambia sayansi haihitaji dirisha.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kauliza kundini, kwa adabu ya kuudhi, kama yupo mwingine aliyeiona, maana setilaiti hiyo ilianguka ikateketea wiki jana. Yalaa! Kumbe ratiba ilikuwa ya mwezi uliopita! Nikajibu kwamba labda nimeona mzimu wake. Nimefungiwa kuandika mpaka Jumapili. Kiti ndio hivyo, kwaheri. Labda Fundi naye akose, uteuzi uahirishwe mpaka nifunguliwe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kibandani kwake kumsuta. Nikamkuta kajiinamia: simu imeanguka, kioo hakionyeshi kitu. Ijumaa hatatuma chochote. Mungu hamtupi mja wake! Nikatoka nacheka. Nimefika kona, moyo huu wa kijinga ukanirudisha. Nimempa simu yangu aweke laini yake. Kaniita kaka. Nilisingizia vumbi machoni.

Ijumaa, 7 Machi
Tumesimama uani baada ya magharibi. Fundi kaona kinuru, kaandika mstari mmoja, kapewa kiti. Nilishangilia mpaka majirani wakachungulia. Akaingia ndani kunywa maji, simu akaniachia. Hapo nikaona setilaiti ya ajabu: nyekundu, imetulia juu ya mnara wa simu, inakonyeza, haiendi popote! Kundi zima hakuna aliyewahi kuiripoti. Nimeituma kwa jina la msimamizi mpya, nimpambe. Simu inalia mfululizo. Pongezi hizo.