Jiwe la Achari Chini ya Gurudumu

Jumatatu, 18 Novemba

Leo nimefunga matairi yote manne ya theluji kwa nusu saa, bila kutoka jasho.

Uongo. Nimelegeza nati moja. Nayo ni baada ya kupanda juu ya spana kwa miguu miwili, kama jogoo kwenye uzio.

Lakini lazima. Natsue, binti yetu, amepiga simu kutoka mjini. Anakuja Jumamosi. Akikuta matairi ya theluji yamefungwa na baba yake ana vidole kumi, nabaki na gari. La sivyo, tunakwenda polisi kurudisha leseni. Eti miaka sabini na tisa inatosha. Nikauliza inamtosha nani. Akakata simu. Kamrithi mama yake.

Huku mlimani, asiye na gari kazi yake ni kutazama mlima. Jirani Denkichi alirudisha leseni mwaka jana, akapewa cheti. Tangu hapo anaegemea uzio wa mianzi na kutazama gari langu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepiga jeki. Gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyoshuka, ikazama udongoni.

Denkichi yuko uzioni. Weka ubao chini ya jeki, akasema. Wekea magurudumu vizuizi. Usiingize chini ya gari kiungo unachokipenda. Tena breki ya mkono ya vigari hivi hushika mhimili wa katikati, si magurudumu; ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki huna. Nikamwambia mwenye cheti hamfundishi mwenye leseni. Akacheka mpaka akashika meno yasidondoke.

Jumatano, 20 Novemba

Uwanja wetu umeinama kidogo kuelekea kwa Denkichi. Kijiji hiki pahali tambarare ni makaburini tu.

Ubao nimepata! Ule wa kuchezea shogi, sataranji yetu ya Kijapani, mnene kama tofali. Miaka arobaini Denkichi ananifunga juu yake, leo umenifaa. Kizuizi nacho nimepata: jiwe la Fusae, mke wangu, la kukandamizia achari pipani. Kilo kumi na tano, bapa upande mmoja. Nikalitegesha nyuma ya gurudumu la nyuma.

Magurudumu mawili ya mbele tayari! Mgongo umekufa.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimelala.

Fusae amemaliza kutia figili chumvi, anatafuta jiwe. Nikasema labda nyani. Akasema nyani huyo anamjua, ameolewa naye miaka hamsini na miwili.

Ijumaa, 22 Novemba

Zamu ya nyuma. Jiwe nikalihamishia gurudumu la mbele. Nikainua gari, nikatoa tairi, nikachoka, nikaingia ndani kunywa chai.

Fusae akazunguka nyumba. Akaliona jiwe lake. Akainama, akalichukua.

Gari likafikiri kidogo. Kisha likaruka kutoka kwenye jeki na kujiburuta kinyumenyume, likapita uzio wa mianzi, likaangusha kichanja cha Denkichi cha kukaushia figili. Figili mia mbili matopeni.

Nilitoka bila viatu. Fusae alikuwa amesimama palepale, amelikumbatia jiwe kama mtoto mchanga. Alama ya gari ilipita shubiri moja kutoka kandambili zake. Akasema chai yangu inapoa. Nikampokea jiwe.

Denkichi akaja. Akatazama figili. Nikangoja matusi. Akarudi kwake, akaja na jeki kubwa, mbao mbili na vizuizi vya mpira. Akalivuta gari, akafunga magurudumu yaliyobaki, huku akipiga mbinja. Sijamwona na furaha hivyo tangu apewe cheti. Halafu akazigusa nati zangu za mbele. Zikazunguka kwa kidole. Akazikaza moja moja, na hilo limeniuma kuliko tusi.

Jumamosi, 23 Novemba

Natsue amefika. Akahesabu matairi: manne. Akahesabu vidole: kumi. Nikaanza kupumua.

Akauliza habari ya uzio. Denkichi akasema upepo. Natsue akauliza upepo gani unaacha alama za matairi. Fusae akaeleza yote, tangu nyani.

Natsue hakufoka. Aliniuliza tu kama ningeweza kumzika mama kisha nikaendesha. Akanyoosha mkono. Nikamkabidhi ufunguo. Akalia, nami nikalia, kweli kabisa.

Ulikuwa ufunguo wa ghala.

Jumapili, 24 Novemba

Theluji! Natsue kapiga simu, amegundua. Anarudi Jumamosi, na mumewe. Basi nina siku sita.

Gurudumu la nyuma kushoto linanung'unika. Kazi ya Denkichi hiyo, siiamini. Kesho naliinua mwenyewe. Jiwe la achari liko pipani na Fusae amekalia kifuniko, lakini si neno. Pale njia panda kuna kisanamu cha jiwe cha Jizo, mlinzi wa wasafiri. Uzito wake unatosha, na kulinda gari ni kazi yake.

Fusae, najua unasoma shajara hii nikilala. Mgongo umekataa kuinama. Ulipougua goti nilikuvalisha soksi miezi mitatu, wala sikununa. Njoo nawe univalishe. Ni ya kushoto tu. Ya kulia imeshaingia nusu.