Jogoo Wasio na Vichwa

Jumatatu, 1 Desemba

Mpango umeiva! Umenijia barazani kwa Fundi Navalayo, nikijifanya najikinga na mvua. Mvua yenyewe haikuwepo, lakini Fundi alikuwa anakata kitambaa, na mimi nikiona ule mkasi ukitembea siwezi kuondoka. Lurambi nzima hakuna wa kumfikia. Hachori na chaki. Anamtazama mteja, anatazama kitambaa, kwisha. Na vipande vinavyobaki hatupi hata kimoja. Anavishona mifuko ya kwendea sokoni, na michoro inakutana kwenye mshono mpaka unadhani kitambaa kilifumwa hivyo. Watu wanaigombania kuliko nguo zenyewe.

Sasa. Kama yeye anaweza, na mimi nina cherehani niliyoachiwa na dada yangu alipohamia Eldoret, ninakosa nini? Vipande tu.

Nikaomba gunia moja. Akauliza vya nini. Nikasema vya kujazia mto, shingo inaniuma. Akaitazama shingo yangu. Akanipa, lakini kwa sharti kali: viingie ndani ya mto, na mtu asivione mpaka Jumamosi ipite. Ni kitenge cha sare ya akina mama wa kwa Mama Dorothy, ambaye binti yake Beverlyne analetewa mahari Jumamosi. Wanataka kuwashtua wakwe. Fundi ameapa kwamba hakuna mtu wa nje atakayekiona mapema. Na Mama Dorothy ndiye mwenye hiyo baraza anayoshonea. Siri ikitoka, Fundi atabeba cherehani yake akashonee barabarani.

Mimi pia nikaapa. Niliapa vizuri sana.

Jumanne, 2 Desemba

Kitenge ni cha kijani, kimejaa jogoo wekundu. Kizuri mno! Kukificha ndani ya mto ni dhambi. Nimelifikiria sharti la Fundi kwa makini. Wanaoogopwa ni watu wa hapa. Mimi nitauzia sokoni Lubao. Nani wa Lubao ana habari na mambo ya Lurambi?

Kushona kumbe kuna mambo yake. Vipande ni vyembamba: hapa kichwa, hapa mguu, hapa mkia mtupu. Mikononi mwa Fundi jogoo hukatwa mara tatu akatoka mzima. Wangu hawana vichwa. Mmoja ana viwili. Nimevunja sindano. Halafu nikashona mkono wa shati langu pamoja na mfuko, ikabidi nivue shati ndipo niinuke. Lakini ukisimama mbali, na ukiwa na haraka zako, ni mifuko mizuri kabisa.

Alhamisi, 4 Desemba

Lubao! Nilijipanga kando ya Lusweti, ambaye anauza ile mifuko ya dukani, yote rangi moja, na anajiona kama soko ni lake. Aliushika mfuko wangu kwa vidole viwili. Akauliza kama jogoo wangu wameshachinjwa. Akavuta mkono wa mfuko. Ukang'oka. Akawatangazia majirani kwamba mimi Patroba nimeleta mifuko ya kubebea hewa. Wivu mtupu. Nilimwambia huo ulikuwa wa maonyesho.

Asubuhi yote, patupu. Kisha akaja mama mmoja, mkubwa wa mwili na wa sauti, pamoja na wenzake, kutoka Musanda. Walitoka upande wa mifugo, wamenunua mtamba wa kupeleka kwa wakwe. Anaitwa Bi Risper. Alisema mtoto wa kaka yake anaoa, Jumamosi wanapeleka mahari, na akina mama wanatafuta mifuko ya kufanana ya kubebea sukari na mikate. Akaipenda yangu pale pale. Alisema haiwezekani kuona kitambaa kama hiki kwingine. Nikamhakikishia kwamba haiwezekani.

Wakachukua yote! Lusweti akaanza kukunjua na kukunja mifuko yake hadi tunafunga. Nikawauliza, kwa heshima tu, mahari inaenda wapi. Bi Risper akasema Lurambi. Nikamwambia Lurambi ni kwetu, watu ni wakarimu, wasiwe na wasiwasi.

Bahati gani hii! Mahari mbili Lurambi, siku moja. Nitakula kote kote.

Jumamosi, 6 Desemba

Haikuwa mahari mbili.

Nilifika kwa Mama Dorothy mapema kwa sababu ya harufu. Obusuma, ugali wa kwetu, inasongwa; ingokho, kuku wa kienyeji, inachemka; mtu ataacha kwenda? Akina mama wa nyumbani walikuwa ndani na sare zao, mlango umefungwa. Fundi Navalayo alikuwa pale mlangoni akinyoosha kola ya mwisho. Wageni wakasikika wakija wakiimba. Mlango ukafunguliwa, jogoo wekundu wakamiminika uani kwa vigelegele. Na langoni, begani kwa kila mama wa Musanda, jogoo wekundu. Wasio na vichwa.

Wimbo ukakatika pande zote mbili. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza, taratibu, nani amemwiga nani.

Mama Dorothy aligeuka akamtazama Fundi. Nikaona baraza inakwenda. Cherehani, mkasi, mama wa watu na miaka yake yote ya kazi, kila kitu kinakwenda, na anayekipeleka ni mimi. Nikarudi nyuma ya tangi la maji.

Sasa mtazame huyu mama! Hakulia. Hakujitetea. Aliutupia jicho mfuko mmoja, mara moja tu, na najua alijua. Kisha akapiga kigelegele kirefu, akawaendea wageni mikono wazi. Akautwaa mfuko wa Bi Risper, akauinua kando ya gauni la Mama Dorothy watu wote wauone, akatangaza kwa sauti ya kufika barabarani kwamba kwa Mama Dorothy wakwe hawangojwi langoni. Kitenge cha nyumbani kilitangulia hadi Lubao kuwapokea, ili wafike wakiwa watu wa nyumba moja.

"Mlidhani mmenunua?" akawauliza. "Yule kijana tulimtuma sisi!"

Bi Risper akaangua kicheko. Akamkumbatia Mama Dorothy. Wimbo ukaanza upya, safari hii wote pamoja, na Fundi bado ameuinua ule mfuko wenye sukari. Hapo ndipo mkono wa mfuko uling'oka.

Aliudaka! Hata punje haikumwagika. Akatoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wake, akaketi kwenye kiti cha mgeni wa heshima, akashona huku watu wanaimba. Halafu akachomoa kipande mfukoni mwake na kumshonea jogoo kichwa. Kichwa! Kikakaa sawa na shingo, jicho likitazama mbele. Wimbo haukuwa umefika mwisho.

Bi Risper akasema fundi wa namna hii lazima ashone na nguo za Musanda siku ya harusi. Mama Dorothy akajibu kwa nguvu kwamba huyu ni fundi wa hapa, amekaa hapa na atakaa hapa, lakini anaweza kuwaazima. Nililia nyuma ya tangi. Sioni haya kusema. Mimi huponea chupuchupu kila wiki, lakini kuponea kwa namna hiyo, kwa fahari, watu wakicheza ngoma, sijapata kuona.

Fundi alinikuta hapo hapo nikiwa na bakuli. Alisema mshono wangu anaujua, umekwenda kama nyayo za bata kwenye matope.

"Wewe Patroba," akaniambia, "unapendanga kunizika nikiwa hai."

Ningejibu, lakini paja la kuku lilikuwa mdomoni.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimehukumiwa. Wageni waliiacha mifuko yote kwa Mama Dorothy, na hapa kwetu chombo cha mkwe hakirudi kitupu, kwa hiyo leo inajazwa maharagwe na njugu kupelekwa Musanda. Lakini kwanza nimefumua kila mshono niliotia, barazani, hadharani, nikishona upya huku Fundi amenisimamia. Lusweti alipita makusudi. Alitoka Lubao kuja kupita!

Lakini nimejifunza kazi. Amenionyesha kurudia mshono mara mbili chini ya mkono wa mfuko, na kulaza vipande mezani kabla ya kugusa mkasi, mpaka jogoo ajikusanye mwenyewe. Kila nilipokosea alifumua bila kunitukana, nami nikaona aibu zaidi ya kutukanwa. Jioni nilitoa mmoja wenye kichwa mahali pake. Akaugeuza, akasema utafaa. Nilitembea hadi nyumbani bila kuhisi miguu.

Kisha nikaapa tena, mkono juu ya cherehani yake. Sitagusa tena kipande cha fundi wa nguo yeyote, awe wa Lurambi, wa Lubao au wa Kenya nzima. Niliapa kwa machozi. Huyu mama hatapata aibu kwa ajili yangu tena.

Jumatano, 10 Desemba

Kiapo nimekishika. Tangu juzi sijagusa kipande cha fundi wa nguo yeyote.

Leo nilikuwa naenda zangu mjini nikapita kwa seremala wa majeneza. Chini, kwenye takataka za mbao, satini! Nyeupe pe, laini, inateleza mkononi, marinda yameshakunjwa pembeni. Nikauliza. Akasema nichukue tu, yeye huona taabu kuifagia. Nimeuchunguza moyo wangu njia nzima, na moyo uko safi. Seremala si fundi wa nguo.

Nimeshona mfuko mmoja mchana huu, mshono nimeurudia mara mbili kama nilivyofundishwa. Huo ni wa Beverlyne, wa kushika siku ya harusi. Zawadi, bila malipo, ili Fundi ajue nimebadilika. Nitamkabidhi mbele ya watu wote. Chini pale niliokota na kitambaa kingine, cha zambarau chenye msalaba wa dhahabu katikati, mzima, haujakatwa popote. Hicho nitakishona mfuko wa kumpelekea Bi Risper.