Kisima cha Mia Mbili

"Gachau amepata maji!" Ronny alipaza sauti kabla hata hajazima bodaboda. "Mita tisini tu! Lakini mashine bado inachimba!"

Benchi zima la kibanda cha chai cha Becky, hapo Mugutha, likageuka. Ng'ambo ya barabara, uani kwa Gachau, mtambo wa kuchimba kisima ulikuwa ukinguruma. Gachau mwenyewe alikuwa papo hapo, gambuti miguuni, anapuliza chai.

"Nisimame tisini? Mimi? Na jirani yangu ako mia mbili?"

Akamwonyesha Kilonzo kwa kidevu. Kilonzo akameza chai ikamchoma koo. Tangu achimbe kisima chake na kujisifu kwamba kimefika mita mia mbili, benchi lilimwita Mia Mbili, na jina hilo alilivaa kama koti la Jumapili. Ukweli aliujua yeye na mkewe: maji yalitoka mita themanini na tano, akawasimamisha mafundi hapo hapo kwa sababu pesa ilikuwa imekwisha.

"Maji si ni maji?" Becky alisema. "Ama ya chini huja na sukari?"

"Ya juu ni ya wapangaji," Gachau akajibu.

"Na elfu saba kila mita!" Ronny akapiga mluzi. "Buda, hiyo shimo itakula ng'ombe, ikule gari yako Probox, imalizie na pesa ya mazishi yako."

"Wacha ikule. Nikigonga mia mbili na moja, hilo jina linahama."

Kilonzo aliuangalia mtambo, akamwangalia Gachau, akaona ng'ombe mzima akiteremka shimoni kwa sababu ya mdomo wake.

"Gachau, simamisha mashine. Yangu ni themanini na tano."

Benchi likaangua kicheko.

"Oneni wivu!" Ronny akapiga paja. "Cheo kinamtoka, ameanza unyenyekevu!"

"Naapa! Muulize Syombua."

"Aki, anatuletea bibi yake kama shahidi," Becky akasema.

Gachau alikuwa ameshapiga simu. "Fundi, songa! Jirani ameanza kutetemeka."

Mtambo ukapandisha sauti. Chai ya pili haikuwa imeisha ulipokohoa, ukanyamaza. Simu ya Gachau ikalia, akaiweka spika.

"Mzee, tumetoboa mwamba. Huku chini ni kukavu kabisa. Yale maji ya juu yote yameteremka, yamepotea."

"Ngai!" Chai ikammwagikia Gachau kwenye gambuti.

Sasa ikalia simu ya Kilonzo. Syombua alikuwa anapiga kelele, hata spika haikuhitajika.

"Baba Muli! Pampu inavuta hewa tupu! Maji yetu yameenda wapi?"

Macho yote yakamwangukia.

"Wee!" Ronny akanong'ona. "Kumbe ilikuwa themanini na tano kweli."

Kilonzo akaweka kikombe chini. Akakung'uta suruali, akainuka polepole.

"Gachau, hao watu wakimaliza kwako, waambie wavuke ua waje kwangu. Nataka mia mbili na mbili."