Kishungi cha Gaston

Jumatatu, 15 Aprili 2019

Chloé, mjukuu wangu, wewe! Tangu Noeli hujakanyaga kwetu La Rochelle. Braamfontein ya chuo chako, mji huu huu mmoja, imekuwa nchi nyingine? Inataka viza? Basi nakuandikia humu daftarini, siku ukija usome uone aibu. Shule sikuiona, herufi nilifundishwa ukubwani na kina mama wa kanisa, kwa hiyo makosa uyameze kimya kimya. Umekonda. Sijakuona, lakini najua.

Habari yenyewe: mjomba wako Gaston atakuwa mkubwa wa askari wa Kirumi kwenye mchezo wa Ijumaa Kuu. Nimemtafutia nafasi hiyo mimi. Nimemzaa, nampenda, lakini ni mfupi na hasemi. Analinda geti miaka yote hiyo, watu wanampita kama nguzo. Anampenda Murielle wa saluni. Murielle hajui kama yupo duniani. Na jirani yangu Angélique, mwenye mdomo, anatangaza kwamba baada ya mchezo mwanawe Hénock atamrudisha Murielle nyumbani kwa gari. Tutaona!

Silaha yangu umenipa wewe. Ulisema Noeli kwamba askari wa zamani walisimamisha kishungi juu ya kofia ya chuma ili waonekane warefu, adui atetemeke. Ukaongeza kwamba pengine ni ili watu wao wajue mkubwa yuko wapi katikati ya vumbi, na kwamba hata wasomi wanabishana. Hayo ya mwisho sikuyashika sana. Urefu! Huo ndio Gaston anaukosa.

Jumanne, 16 Aprili

Nimegeuza beseni kuwa kofia, nikalipaka rangi ya fedha. Juu nikafunga kichwa cha ufagio kutoka spaza, kile kiduka cha kona. Jenerali kabisa! Angélique akachungulia mlangoni, akauliza kama Gaston anakwenda kufagia Golgota. Hénock wake naye ni askari, atavaa manyoya ya jogoo. Ufagio nimeufungua.

Jumatano, 17 Aprili

Mpango mpya: kishungi cha nywele za kusukia, nyekundu, kirefu kama mkono. Nikamtuma Gaston akanunue saluni, apate kusema na Murielle walau neno moja. Amerudi na mkate. Eti watu walikuwa wengi. Nikaenda mwenyewe: Murielle peke yake, anakula karanga! Akaniuliza nywele ni za nani. Nikasema zangu. Akatazama mvi zangu, akasema, Mama, nyekundu? Nikamjibu kwamba sijafa.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Eish, Chloé.

Kanisa letu la mjini unalijua, lile la ghorofani, dari liko chini, feni zinazunguka. Gaston akaingia. Mrefu! Watu wakasema aaah! Hénock akaonekana kifaranga. Nikamkonyeza Angélique.

Gaston akafika chini ya msalaba, akainua kichwa aseme neno lake. Feni ikakamata nywele. Kofia ikanyanyuka, ikazunguka juu yetu kama ndege aliyepotea. Gaston amebaki kichwa wazi, macho makubwa. Kanisa zima kicheko. Yesu mwenyewe alicheka msalabani. Angélique alilia kwa kucheka.

Nilitaka nimfiche mwanangu ndani ya gauni langu kama zamani.

Lakini hakukimbia. Akasubiri watu wanyamaze, akasema, kweli huyu alikuwa Mwana wa Mungu. Kwa sauti! Sauti hiyo sikuijua.

Feni ilipozimwa, Murielle akapanda kiti na mkasi wake, akakata nywele zilizonaswa, huku akiniuliza mbele ya wote kama hizo ndizo zangu. Kisha akampelekea Gaston kofia mkononi. Nilisogea kusikiliza. Alimwambia kumbe ana uso mzuri, kwa nini aufunike na beseni. Gaston akajibu. Sentensi nzima! Hénock ameondoka na gari tupu.

Jumamosi, 20 Aprili

Umeona? Kishungi kimefanya kazi! Gaston anasema hapana, ilikuwa kwa sababu kofia ilitoka. Ameniomba nisimvike kitu tena kichwani maisha yake yote. Mtoto haelewi.

Mwezi ujao anakwenda kujitambulisha kwa mama mdogo wa Murielle. Dari la kule liko juu, nimeshauliza.

Sasa sikiliza. Ukija, usile huko, nitakupikia sombe, majani ya muhogo kama kwetu. Uniletee manyoya ya mbuni, marefu kuliko ya jogoo yeyote. Pitia mlango wa nyuma, Gaston asiyaone.